Kocha wa Nchi Kavu

Mumbuni, Machakos
18 Oktoba 2002

Kwa dada yangu Maryam,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Hanif na huyo mtoto wetu Zamzam, ambaye nasikia ameota meno na sasa anauma watu. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama anakohoa kidogo asubuhi kwa sababu ya hili vumbi, maana mvua bado, lakini ile sauti yake ya kutuamrisha haijapungua hata chembe. Baba pia ni mzima, na habari zake ndizo hasa zilizonikalisha kitandani na kalamu. Kwa hivyo kama una sufuria motoni, iepue kwanza ndio usome.

Najua umeninunia. Umeniandikia na kuniandikia nami kimya, mpaka ukamwambia Mama kwa simu ati siku hizi nimekuwa mtu mkubwa. Wallahi si kiburi, Maryam. Nilikuwa na jambo kifuani ambalo kila nikishika karatasi nalia, sasa ningekuandikia nini? Limekwisha vizuri, ndiyo maana leo utanisoma mpaka uchoke.

Kwanza shukrani zako uzipokee. Lile vazi la kuogelea ulilonishonea, ile suruali ya kubana mpaka kwenye vifundo na kanzu fupi ya kitambaa cha kuvutika na kile kikofia chake, limekuwa gumzo pale bwawani. Halijai maji, halipandi, halionyeshi kitu. Syokau, yule mama anayeuza vyondo na vikapu vingine sokoni, alilishikashika weee, kisha akaniuliza kama dada yangu anashonea watu kamili au anashonea vijiti kama mimi tu. Nikamjibu kwamba unashonea kila mtu. Basi jitayarishe, maoda yanakuja.

Sasa sikiliza. Unaijua ile saa yetu ya wanawake pale bwawa la hoteli, asubuhi ya Jumatano na Jumamosi, mwanamume haruhusiwi hata kuchungulia. Unajua pia kwamba si sisi Waislamu peke yetu tunaoipenda. Nusu ya darasa ni akina mama wa Kikamba ambao hawataki tu kutazamwa mapaja. Mwanzoni mwa mwaka huu mwalimu wetu Ngina alituambia kwamba mume wake amepata kazi Athi River, na ikifika Disemba watahama. Meneja naye akasema wazi kwamba bila mwanamke mwenye cheti cha ualimu wa kuogelea, ile saa anaifuta, kwa sababu mtu akizama atasema nini? Wanaume wenye cheti wapo, lakini mwanamume ndiye tuliyekuwa tunamkimbia. Ngina akanitazama mimi. Akasema mimi ndiye ninayeogelea kuwapita wote, niende Nairobi nikafanye mtihani, nichukue darasa. Akina mama wakapiga vigelegele kana kwamba nishapita.

Nilipomwambia Baba, Maryam, ungemwona! Tangu mimi nivunje ungo nikaacha kucheza tenisi mbele ya watu, Baba hakuwahi kunilaumu hata siku moja, lakini raketi yangu aliitundika ukutani na kila akipita alikuwa anaigusa. Sasa akapata kazi. Akasema kuogelea ni mabega na pumzi, na mabega na pumzi ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote akifundisha tenisi pale klabuni. Akasema mambo ya majini ni ya Ngina, ya nchi kavu ni yake.

Na alinifanyisha kazi, mama weee. Baada ya swala ya alfajiri tunapanda kilima kuelekea Iveti, yeye na fimbo yake, mimi mbio. Tukirudi naruka kamba uani mpaka Mama analalamika kwamba nyumba inatikisika. Kisha uwanjani kabla wateja wake hawajafika, kukimbia kwa ubavu kutoka mstari hadi mstari, nimeinama, na nikiinuka tu anagonga waya wa uzio. Alikata tyubu ya baiskeli, akaifunga kwenye nguzo ya wavu, nikawa naivuta kama mtu anayepiga mpira wa nguvu. Alipasua mipira ya tenisi iliyochakaa, akaijaza mchanga, akaishona, nikawa nairusha ukutani. Mama naye akanishindilia mahindi ya muthokoi kwa maziwa. Wanafunzi wake, akina Wambua na Maundu, walikuwa wananihurumia. Mimi sikujihurumia, nilifurahi. Nilikuwa nimemkosa Baba wa uwanjani miaka mingi.

Mwezi wa nne nikaenda Nairobi kwenye mtihani. Msimamizi alikuwa mama mmoja mfupi wa miwani, mkali lakini si mbaya. Akatuingiza majini wawili wawili bila kamba katikati, akasema mwalimu lazima ajue kwenda moja kwa moja, kwa sababu anayemfuata mtu anayezama hana muda wa kuzunguka. Mimi nikapiga bismillah nikaondoka. Naapa nilikuwa na kasi. Nilisikia maji yananipisha. Nikajiambia, Zaituni, leo umewamaliza. Kisha kichwa changu kikagonga kitu, kumbe ni mbavu za yule msichana mwenzangu. Nilikuwa nimetoka njia yangu nikaingia yake, upande wa kushoto. Msimamizi akanirudisha nianze tena. Nikaanza tena, na nikamgonga tena. Yule msichana alitoka majini akakataa kurudi, na mimi nikaambiwa niende nikajirekebishe, nirudi mwezi wa kumi.

Nyumbani nikasema tu nimeshindwa, nikasingizia woga. Baba akaniambia nisijali, tutaongeza mazoezi. Na akaongeza kweli.

Jumatano iliyofuata Ngina aliniambia nitoke majini nisimame nimgeuzie mgongo. Akamwita Syokau naye atazame. Syokau ni Syokau, akasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni kwamba huyu msichana ameshonwa na watu wawili. Bega langu la kulia lilikuwa limejaa kama la mpagazi, la kushoto ni langu lile la zamani. Nikaelewa pale pale. Kila zoezi la Baba lilikuwa la mchezaji wa tenisi, na mchezaji wa tenisi ana mkono mmoja. Tyubu nilivuta kwa kulia, mipira ya mchanga nilirusha kwa kulia. Majini ule wa kulia unakokota na wa kushoto unapapasa tu, sasa mtu ataacha kwenda kombo? Ngina mwanzoni alidhani ni uvivu wa mkono. Na Baba angejuaje? Hajawahi kuniona nikiogelea. Saa ni ya wanawake, yeye anajua nchi kavu, habari za majini anaambiwa.

Hapo ndipo nilipokwama, dada yangu. Kama simwambii, nitashindwa tena, na ile saa itafutwa, na akina mama wote wale watarudi kukaa nyumbani kwa ajili yangu. Na kama namwambia, nitamwambiaje? Nimwambie mtu aliyefurahi vile kwamba yeye ndiye aliyenipinda? Klabuni siku hizi watu wa tenisi wamepungua, wengi ni wa gofu na wa nyama choma. Nilikuwa karibu mimi peke yangu niliyebaki ninayemsikiliza Baba, kocha Abdulghani, akisema inama, nami nainama. Sikuweza. Kila jioni nilijiambia kesho, na kesho ikifika naona ameshaniwekea viatu vyangu mlangoni vimekaushwa.

Basi nikaamua kuunenepesha mkono wa kushoto kwa siri. Usinicheke. Nilichota maji kwa kushoto, nikafagia kwa kushoto, nikatwanga kwa kushoto, nikafua kwa kushoto. Na nyumba yetu unaijua! Mama aliniona nikikoroga mchuzi kwa kushoto akadhani nimeumia, kisha alipoona sijaumia akaanza kunisomea Ayatul Kursi kumfukuza shetani. Akamuuliza Baba watoto wa shule ya kuogelea wanafundishwa adabu za wapi. Mimi nikawa nabeba tu lawama.

Mpaka ile siku ya Mzee Mire. Unamkumbuka, yule Msomali wa mbuzi anayekuja kwa Baba wakinywa chai na kubishana habari za bei za mnada. Nilikuwa nimeshazoea kushoto mpaka kichwa kimesahau. Nikaingia na birika, nikamiminia mgeni chai kwa mkono wa kushoto, na kikombe nikampa kwa huohuo wa kushoto. Mzee Mire akakitazama kile kikombe, akanitazama, akatazama ukuta. Hakukipokea. Baba aliona haya hadi masikio. Akachukua kikombe mwenyewe, akampa mgeni kwa kulia na kumwomba radhi, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Mgeni alipoondoka Baba aliniita. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniua. Aliniuliza kwa upole ni lini nimeanza kuwadharau watu wake. Maryam, nililia mpaka kamasi. Nikamwambia yote, mtihani, mbavu za yule msichana, mgongo wangu, maneno ya Syokau, yote. Nikamwambia kwamba sikutaka ajue. Baba akaniambia nigeuke. Aliniwekea viganja viwili mabegani juu ya nguo, kimoja huku na kimoja huku, akapima kama anavyopimia nyuzi za raketi. Kisha akavaa kofia yake akaenda zake. Mama alimkuta baadaye amekaa peke yake uwanjani kwenye kiti cha refa. Kwa siku kadhaa hatukupanda kilima, na nyumba ilikuwa nzito, hata redio hakuna aliyeiwasha.

Kisha asubuhi moja, wakati wa chai, akasema anataka kuniona kwa macho yake. Mama akamkumbusha kwamba ile ni saa ya wanawake. Akasema anajua, kwa hivyo mimi nikawaulize wenyewe.

Nilimpa Ngina ujumbe, Ngina akawauliza akina mama mle mle majini. Wengine walinung'unika, na haki yao, saa yenyewe ni moja. Syokau akasema kwa Kiswahili chake kile kizito kwamba mzee wa watu ametupatia mtoto wake awe mwalimu wetu, sasa sisi kumpa dakika zetu chache tunaona taabu? Yeye mwenyewe akatangulia kutoka, maji yakashuka nusu. Wakatoka wote. Wakajifunga leso, wakajifunika na mataulo na mashuka, wakakaa kwenye ukingo kwa mstari, watu wazima na heshima zao, wanatetemeka kwa ule upepo wa asubuhi, ndipo Ngina akafungua geti Baba akaingia. Naandika hapa na machozi yananitoka tena. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ndugu yetu, Maryam, na wote walisimamisha asubuhi yao ili baba yangu anione.

Aliwasalimia akiwa ameinamisha macho, akasimama palepale getini, hakusogea. Mimi nikaingia majini nikaogelea. Nikaenda kombo, nikagonga kamba. Nikarudi, nikaenda kombo tena. Nilipoinua kichwa nilimwona ameshika kofia yake kwa mikono yote miwili. Akasema mbele ya wale wanawake wote, kwa sauti, kwamba kosa si la mtoto, kosa ni lake, ametengeneza raketi akaitumbukiza majini. Akawashukuru, akawaomba radhi kwa baridi, akatoka. Syokau akasema wanaume wanaokiri makosa ni wawili tu hapa Machakos, na mwingine alishakufa. Tulicheka sote, na mimi nikapumua.

Kuanzia siku hiyo tulianza upya. Baba alihamisha tyubu ikawa ya kushoto. Mipira ya mchanga, kushoto. Halafu vyote viwili pamoja, tyubu mbili, nimelala kifudifudi kwenye benchi la klabu nikivuta mkono huu na ule kwa zamu, naye anasikiliza kama mivuto inalingana. Kila Jumatano na Jumamosi jioni Ngina alikuwa anapita nyumbani kumweleza nilivyoogelea, naye anamuuliza maswali mpaka chai inapoa. Hata Mama alitoa ruhusa rasmi, kazi zote kushoto isipokuwa chakula, salamu na kupokeza mtu kitu. Mzee Mire alikuja tena, nikampa chai kwa kulia na nikamwomba msamaha mwenyewe. Alipoelezwa kisa alicheka hadi akapaliwa, akasema ngamia pia akibebeshwa mzigo upande mmoja huwa hafiki.

Sasa furaha yako, dada. Mwanzoni mwa mwezi huu nilirudi Nairobi. Yule mama wa miwani alinikumbuka, akamuuliza mwenzangu kama amekata bima. Nikaingia, nikaogelea, na nilipogusa ukuta wa mbele nikageuka kutazama nyuma, nikaona niko palepale nilipotakiwa kuwa. Nimepita, Maryam! Alhamdulillahi rabbil alamin. Cheti ninacho. Meneja amekiona, na saa yetu inabaki. Kuanzia Januari mwalimu ni mimi. Nilipofika sokoni kumwambia Syokau aliniinua juu mbele ya watu, vyondo vikaanguka vyote.

Lakini lililonifanya nikuandikie leo si hilo, na hili ni lako peke yako. Hata Mama hajui.

Niliporudi kutoka Nairobi, Baba aliniita uwanjani kulipokuwa hakuna mtu. Akaniambia ana deni la ukweli kwangu. Akasema mimi nimekuwa nikimtetea kwa kila mtu kwamba hakujua kwa sababu saa ni ya wanawake. Si kweli. Ngina alikuwa amemwita, tena mara nyingi, aje siku za kawaida wakati bwawa ni la wote, mimi na vazi lako niogelee naye atazame. Kila mara alitoa udhuru, leo ana wanafunzi, kesho goti linamuuma. Akaniambia, akitazama chini, kwamba hajui kuogelea. Hajui hata kidogo. Tangu utoto wake anaogopa maji, akiyaona yamekusanyika mahali pamoja hawezi kuyakaribia, na ndiyo maana siku ile alisimama getini hakusogea. Alikubali kunifunza nchi kavu kwa sababu aliona haya kusema mwanangu, hili silijui. Akasema woga wake ndio uliokaribia kuninyima cheti, si tenisi.

Nilikuwa nimekaa miezi nikificha nisimvunje moyo, kumbe naye amekaa miezi anaficha. Nikamwambia kwamba bila yeye nisingekuwa na bega hata moja, sembuse mawili. Akatikisa kichwa. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama cheti changu kinaniruhusu kufundisha wazee.

Basi wiki hii nimeanza, asubuhi kabla ya hoteli kufungua bwawa, kwa ruhusa ya Ngina, sisi wawili tu. Anakuja na kaptura yake ndefu ya tenisi na fulana. Siku ya kwanza hakufika popote, alikaa ukingoni miguu ikiwa ndani, anasoma bismillah bila kupumzika. Siku ya pili alishuka ngazi mpaka maji ya kifuani, ameng'ang'ania chuma, vidole vimekuwa vyeupe. Nikamwambia atie uso majini apulize. Akasema ngoja. Nikangoja. Yule mtu asiyenipa hata nafasi ya kufuta jasho, Maryam, akaniomba apumzike kidogo! Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nikamwambia hapana, sasa hivi, inama. Akanitazama, bado ameshika chuma, akasema ndiyo, mwalimu. Hakuwa anatania. Akainama, akatia uso majini, akapuliza.

Kwa leo niache hapa, maana nataka kuiwahi posta kabla hawajafunga. Mbusu Zamzam wangu kwenye hayo meno mapya, mwambie shemeji Hanif nampa heko kwa kukustahimili, na mama mkwe wako mfikishie heshima zangu. Ramadhani inakaribia, mtuombee nasi tutawaombea, na Mungu akulipe kwa kila mshono wa lile vazi. Ukipiga simu, Baba muulize habari za tenisi tu, tafadhali, usinitolee siri.

Mdogo wako anayekupenda na kukushukuru,
Zaituni